Matone ya Silva kwenye Boneti

Mume wangu alipoweza kutembea bila mkongojo, jambo la kwanza alilolitaka halikuwa kwenda kanisani kushukuru, wala kwenda kuonana na rafiki zake kule mtaa wa Gisimenti, mjini. Alitaka kutengeneza rangi ya gari. Nilimkuta mlangoni ameshika beseni la maji ya sabuni kwa mkono wa kushoto, wa kulia umening'inia tu, nikamuuliza anakwenda kufua nini. Akasema, "Boneti."

Tunakaa Ndera, upande ambao lami bado haijafika. Ukiwaambia watu wa Kigali kwamba unakaa Ndera, lazima mmoja akutanie habari ya hospitali ya wagonjwa wa akili, akuulize umepewa ruhusa na nani. Zamani nilikuwa nacheka. Huku kwetu kila kiwanja kinajengwa, malori ya kokoto yanapita kutwa nzima, na ukikaa nyuma ya lori mawe yanakurukia mpaka unafumba macho. Boneti yetu ilikuwa imedonolewa kila mahali, vishimo vidogo vyeusi, vingine vimeshaanza kutu. Milangoni kulikuwa na mikwaruzo ya matawi ya ua, maana njia ya kuingilia kwetu ni nyembamba na mimi ndiye niliyekuwa naendesha tangu augue.

Harusi ya binti yetu ilikuwa inakaribia. Tangu yuko kitandani hospitalini, ulimi bado mzito, mume wangu alishasema kwamba binti yake hatatoka kwa baba yake ndani ya gari la kukodi. Kaka yangu angeendesha, kwa kuwa daktari alimkataza mume wangu kushika usukani, naye mume wangu angekaa mbele. Siku hizi vijana wanakodi magari meupe yanayofanana, yanafuatana barabarani moja nyuma ya jingine, na letu ni gari la silva la miaka mingi lililotoka Japani likiwa tayari limetumika. Nilimwita binti kando nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Mama, mwache. Nitapanda gari la baba hata kama halina milango." Namshukuru Mungu kwa mtoto huyo.

Mimi si mtu wa subira, nasema mapema. Nimekulia Karagwe, Tanzania, katika nyumba ya Wanyarwanda waliokuwa wakigombana mchana na kula pamoja jioni. Yeye alikulia Bujumbura, mtoto wa mwalimu, mpole, neno moja analitafuna kwanza ndipo analitoa. Tulipokutana hapa Kigali, Kinyarwanda cha kila mmoja kilikuwa na kasoro zake, tukaelewana kwa Kiswahili, na hadi leo ndicho cha nyumbani kwetu. Watoto wanasema tunaongea kama redio mbili zilizofunguliwa pamoja, ya kwangu ikiwa na sauti ya juu.

Kiharusi kilimpata asubuhi akinyoa ndevu. Sitaki kueleza sana habari hiyo. Alipotoka hospitalini walimpa mpira mdogo wa kubinya ili mkono urudi, akautupa kwenye droo. Mimi nilikuwa nampima kimyakimya. Sikuwa na shida sana na mkono. Nilitaka kujua kama mtu niliyerudishiwa ni yuleyule. Nilikuwa namtegeshea maswali: yule mbwa wenu wa Bujumbura alikuwa wa rangi gani, nani alisimamia ndoa yetu, mtoto wa pili alizaliwa wapi. Alijibu yote bila kukosea. Wakati mwingine yeye ndiye aliyeuliza, "Huye hawajambo?" Huko Huye ndiko ukoo wao ulikorudi kutoka Burundi, na dada yake anakaa huko, nami nilikuwa nikijibu kwamba hawajambo. Nilimwambia daktari kichwa kiko salama. Niliwaambia na majirani.

Basi akaanza kazi yake. Alikuwa na utaratibu wake, na hakutaka kuharakishwa. Kwanza aliosha boneti kwa sabuni ya vyombo ili kutoa mafuta, akaifuta, akaipitishia kitambaa chenye spiriti. Kisha alichukua sindano ya kushonea akakwangua nayo kutu ndani ya kila kishimo, polepole, akipuliza vumbi kama anampuliza mtoto jichoni. Mkono wa kulia ulitetemeka, kwa hiyo aliushika kifundoni kwa mkono wa kushoto, akauongoza. Baada ya hapo alitonesha praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwa kijiti cha meno. "Haipakwi," aliniambia, "inatoneshwa. Ukipaka unaacha mlima." Tone moja, anasogea. Tone moja, anasogea. Mchana kutwa amemaliza eneo la kiganja.

Nilichemka. "Mzee, harusi itafika, tuitoe boneti pekee ndiyo iende kanisani?"

"Iende," akasema, wala hakuinua kichwa.

Lakini nilipoingia ndani nilisimama dirishani nikamtazama, nikaona vile vidole vimekibana kijiti cha meno. Mpira ulikuwa umevishinda, kijiti vimekishika. Nililia jikoni, kwa furaha, nikasingizia vitunguu.

Rangi niliifuata mimi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibati chenye namba ya rangi ya gari, nikakipiga picha kwa simu, nikaenda mjini, fundi akachanganya kwa mashine yake akanipa kichupa. Silva ni rangi ya majivuno. Ndani ya chupa haionyeshi lolote, mpaka ikauke juani. Mume wangu alifanya kazi siku kadhaa, kishimo kwa kishimo, nami nikajifunza kunyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawawezi kuamini. Siku aliyomaliza tulilitoa gari kivulini, tukalisimamisha juani, tukarudi nyuma kulitazama.

Jamani. Boneti nzima ilikuwa na madoadoa kama kanga. Kila tone lilikuwa limekoza kuliko rangi iliyolizunguka. Yale mashimo ya mawe yalikuwa afadhali, maana mtu angedhani ni vumbi.

Mume wangu alipitisha kidole juu ya doa moja. Kisha akasema kwa upole, "Wamekupa rangi isiyo yetu." Akaketi kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyebeba gunia akalitua.

Mimi hapo moto ulishawaka. Nilikuwa nimeshachukua mkoba ili nikamwoneshe yule fundi wa rangi mimi ni mtoto wa nani. Lakini kabla ya kuondoka nikataka ushahidi, nichukue picha ya kumsuta nayo. Nikachovya kijiti, nikatonesha kwenye mkwaruzo wa mlango, nikangoja likauke. Lilipokauka sikuliona. Nikasogea karibu, nikainama, nikatazama upande upande. Tone lilikuwa limeingia kwenye mlango likapotea. Rangi ilikuwa yenyewe hasa.

Hapo ndipo akili ikanijia, nikashikwa na kicheko. Nilicheka mpaka nikaegemea gari. Nikamwendea nikimpiga bega.

"Wewe mzee! Tumekuwa wajinga wawili. Rangi haina kosa. Boneti hii siyo ya gari hili!"

"Boneti gani?"

"Hiyo hapo! Si ile uliyoinunua kwa wauza vipuri wa Gatsata, iliyotoka kwenye gari jingine? Ile ya zamani ilijikunja."

"Gari hili halijawahi kugongwa," akasema.

Nikaendelea kucheka. Mdomo wangu hauna breki, na siku ile ndipo nilipolijua hilo. "Halijawahi? Umesahau lile lori, na mvua ile, siku tulipokuwa tunakwenda Huye kumzika mama yako?"

Alinitazama. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi, najua uso wake wa hasira, wa aibu, wa ugonjwa. Ule sikuwahi kuuona. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama yangu amekufa?"

Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni mwangu. Sikujua nikiweke wapi.

Kwetu sisi Wanyarwanda habari ya kifo haitolewi hivyo. Haitolewi na mtu mmoja, haitolewi kwa mtu aliyesimama, wala kwa mtu mwenye njaa. Watu wanakusanyika kwanza, mkubwa wao anaingia, anauliza kama mwenyeji amekula, anamkalisha, na wanaojua kumshika wanakaa pande zake mbili. Mimi nilimpa yake uani, nikicheka, nimeshika kijiti cha meno. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki nikamkumbatia, naye akalia kilio cha mtu aliyefiwa leo, anamwita mama yake kwa sauti ya mtoto. Jirani alisikia akaja mbio akidhani mume wangu ameanguka tena.

Sasa nilielewa yale maswali ya Huye. Alikuwa akimuulizia mama yake, nami nikamjibu hawajambo.

Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba angelala asahau. Hakusahau. Kesho yake hakutoka kwenda uani. Beseni lilibaki pale pale, kijiti kikakauka ndani ya chupa. Nilipomwambia angalau akae juani kidogo na kazi yake, akasema, "Aliyefiwa hashiki kazi. Unajua." Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa: "Na nyumba yenye msiba haiozi binti. Waambieni wakwe wangoje."

Nilimweleza kwamba msiba huo ulishapita, kwamba miaka imekwenda, kwamba tulilia na tukamaliza. Alinisikiliza kwa adabu zake zote. Akasema, "Ninyi mlimaliza. Mimi sijaanza."

Binti alikuja akaketi miguuni pa baba yake, hakutaja harusi hata mara moja, akamwomba amwambie bibi alikuwaje alipokuwa msichana. Alipotoka nje ndipo akalia, ameegemea ukuta, anajifuta kwa kiganja ili asiharibu nguo. Kadi zilishatoka, wakwe walishaandaa kila kitu, wageni wa kutoka Uganda walishaomba ruhusa kazini. Ndugu zangu wakanishauri nimpeleke kwa daktari ampe dawa ya kumtuliza hadi harusi ipite. Mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba hospitali iko hapa hapa Ndera, hata gari halihitajiki. Nilimfukuza nyumbani kwangu. Nilimwambia: mume wangu ana akili timamu, anamlilia mama yake, na wewe siku utakapofiwa tutakuletea vidonge.

Kisha nikampigia simu dada yake Huye. Huyu ni wifi yangu mkubwa, mjane, mwanamke wa maneno machache. Hatujawahi kupendana sana, na hilo tunalijua sote wawili. Nilimweleza nilivyofanya. Akasema, "Ulimpa habari vibaya. Tutampa upya."

Alikuja na wazee wawili wa ukoo na kibuyu cha pombe ya mtama. Walifika mchana, nikawapa maji, wakauliza kama amekula, nikasema amekula kidogo, wakangoja ale zaidi. Ndipo wakaingia sebuleni, wakamkalisha, wifi kulia na mimi kushoto, na mzee mkubwa akamwambia, taratibu, kwa Kinyarwanda kizuri ambacho mimi na mume wangu hatutakipata kamwe, kwamba mama yake amefariki. Alimwambia aliugua nini, ni nani aliyekuwa kando yake, na neno gani la mwisho alilisema. Mume wangu alilia, lakini alilia ameshikwa. Majirani walisikia wakaja na viti vyao. Wengine walikuwa wapya hapa mtaani, wakadhani bibi amekufa juzi, wakatuambia mukomere, jikazeni, na hakuna aliyewasahihisha. Tulikaa ikiriyo, yaani matanga yetu, siku chache, kwa kimya, bila muziki, watu wakija jioni na kuondoka mapema.

Siku ya kuyafunga matanga, wazee walipokuwa wamekaa na kibuyu katikati, mume wangu alimgeukia dada yake. Niliona midomo yake ikijaribu neno mara mbili kabla halijatoka.

"Nilikuwepo?"

Wifi hakuelewa. "Ulikuwepo wapi?"

"Tulipomzika. Nilikuwepo?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla siku zote hizo. Mimi nilidhani analia kwamba mama amekufa, na kweli alilia hilo, lakini chini yake kulikuwa na hofu nyingine: kwamba mama yake alizikwa na yeye hakwenda. Katika kumbukumbu zake hakukuwa na kaburi, hakukuwa na safari, hakukuwa na udongo mkononi. Mtoto wa kiume pekee.

Wifi yangu alimshika uso kwa mikono yote miwili. "Ulikuwepo," akasema. "Ulichelewa. Mvua ilinyesha, padri akataka tumalize, mimi nikakataa. Nikasema hashuki kaburini kabla kaka yangu hajafika. Ukaja na gari limevunjika mbele, umelifunga kwa kamba ya katani, umelowa chapachapa. Ulimshusha wewe, kwa mikono hii. Udongo wa kwanza ulikuwa wako."

"Niambie tena," akasema.

Akamwambia tena. Mimi niliingia kati nikamwambia vile tulivyoikata ile kamba kwa meno kwa sababu hatukuwa na kisu, na jinsi alivyonifokea njiani, yeye asiyefoka kamwe. Wazee nao wakaongeza ya kwao. Tulimjengea siku ile kipande kwa kipande, naye alikuwa akitazama mdomo wa kila anayesema, kama mtu anayejaribu kuona mbali. Hakusema kwamba amekumbuka. Mwishoni alipumua, akanywa pombe ya mtama alipopewa, na mzee mkubwa akatangaza kwamba kilio kimekwisha, kila mtu arudi kwenye kazi zake.

Asubuhi yake alikuwa uani kabla sijawasha jiko. Safari hii nilikaa naye. Tulilowesha pamba kwa tina ya kuyeyushia rangi, kidogo tu, tukayatoa yale matone ya giza moja moja, tukigusa na kufuta upesi ili tusile rangi ya chini. Nikalipeleka gari lenyewe hadi kwa fundi wa rangi, nikamwomba radhi kwa matusi ambayo hakuwahi kuyasikia, naye akachanganya silva kwa macho, juani, akilinganisha na boneti mpaka tukakubaliana. Mume wangu akatonesha upya. Tone lilipokauka alilisugua kwa msasa laini wa maji wenye sabuni, kwa kidole kimoja, hadi likalingana na ndugu zake, kisha mimi nikamalizia kwa polishi kwa sababu mkono wangu ndio wenye nguvu. Ukilitazama kwa karibu, ukijua pa kutazama, unaona. Lakini mgeni haoni.

Harusi ilifanyika siku yake ileile. Asubuhi ilikuwa sherehe ya mahari, pale nyumbani, chini ya maturubai, familia mbili zikitazamana, wasemaji wakishindana kwa maneno kama desturi ilivyo. Wazazi wa binti hawasemi siku hiyo, wanakaa, wanasemewa. Upande wa wakwe walikuwa wamekodi msemaji, kijana hodari mwenye vichekesho vingi, lakini wa kukodi ni wa kukodi, familia hakuijua. Ilipofika zamu ya zawadi alikunjua kitenge kizuri, akakiinua juu, akasema kwa sauti ya madaha kwamba hiki ni cha bibi, mama mzazi wa baba wa binti, na anaomba bibi asimame apigiwe vigelegele.

Hakuna aliyesimama. Vigelegele vilianza upande wa wakwe vikafa njiani. Niliona wifi yangu akifumba macho. Niliona binti yetu, nyuma ya pazia la mlango alikokuwa akingoja kuitwa, ameziba mdomo. Watu wetu wote walikuwa wakinitazama mimi, na mimi, mwenye mdomo usio na breki, sikuwa na hata neno moja.

Mume wangu alisimama. Alisimama peke yake, akishikilia meza, na msemaji wetu akamwashiria akae, naye hakukaa.

"Mama yangu amefariki," alisema. "Nilimzika mimi mwenyewe. Kitenge mpeni dada yangu."

Msemaji wa kukodi alivua kofia. Wifi akaenda akapokea, na watu wakamwinukia. Mimi nilikuwa nalia mbele za wakwe wote, wala sikujali. Mume wangu alikaa taratibu, akaniinamia sikioni.

"Nimesema sawa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, amesema sawa.